Pestalozzi, Baba wa Mayatima wa Stans

Wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili, ukitaka kuwachekesha walimu wetu pale ofisini kwao, waombe watamke harakaharaka majina ya Wazungu waliyolazimika kuyakariri chuoni kabla ya mtihani wa ualimu. Lazima jina la Pestalozzi litatokea. Wengine watakumbuka kwamba alikuwa na mambo yake fulani kuhusu kichwa, moyo na mikono, na hapo ndipo kumbukumbu inapokomea. Mimi nami nilimdhania kuwa profesa wa ndevu ndefu, aliyejifungia maktabani akitunga nadharia za kuwatesea wanachuo. Kumbe wapi! Alikuwa mtu wa kuvaa ovyoovyo, mwandiko wake kama nyayo za kuku, tahajia yake mbovu, asiyejua kushika pesa, na ambaye karibu kila alichoanzisha kilimfia mikononi. Hata hivyo majirani zetu wa vyumba vya walimu bado wanamsoma. Ndiyo maana nikaona heri nimsimulie.

Johann Heinrich Pestalozzi alizaliwa mjini Zurich, nchini Uswisi, tarehe 12 Januari 1746. Uswisi wa siku hizo haukuwa huu tunaousikia, wa saa, chokoleti na mabenki. Ilikuwa nchi ya wakulima wengi maskini, na mji kama Zurich ulitawaliwa na koo chache zenye haki zote. Mtu wa shamba alilipa kodi, alifuma pamba nyumbani kwake, akawauzia wafanyabiashara wa mjini kwa bei waliyoitaka wao. Kupata cheo au elimu ya juu, asahau.

Babake alikuwa tabibu mpasuaji. Alifariki mwaka 1751, kijana wetu akiwa na miaka mitano tu, akaacha mjane na watoto watatu. Inasimuliwa kwamba alipokuwa akikata roho alimwita mtumishi wa nyumbani, msichana wa mashambani aliyeitwa Babeli, akamsihi asimwache mkewe na wanawe. Babeli akakubali, na akakaa mpaka kufa kwake. Alikuwa akienda sokoni jioni kabisa, wakati wachuuzi wamechoka na wanataka kurudi makwao, ili apunguziwe bei ya kabeji. Watoto aliwazuia kutoka nje kucheza wasije wakamaliza viatu. Sisi tuliolelewa na nyanya zetu twajua sana uchumi wa namna hii. Lakini matokeo yake ni kwamba Heinrich alikua kama kifaranga cha ndani, hajui michezo, hajui hila za watoto wenzake. Shuleni walimtungia jina la kumdhihaki. Siku moja tetemeko la ardhi lilipoutikisa mji, wote walitoka mbio, walimu wakiwa mbele, kisha wakamtuma yeye arudi ndani kuwaletea kofia na vitabu vyao. Naye akarudi!

Likizoni alikwenda kwa babu yake, aliyekuwa mchungaji wa kanisa katika kijiji cha Höngg, karibu na Zurich. Huko alimfuata mzee nyumba kwa nyumba akiwatembelea wagonjwa na maskini. Aliona watoto wadogo wenye mashavu mekundu na macho maangavu, na baada ya miaka michache akawaona walewale wamefifia, wamekondeana juu ya magurudumu ya kusokotea pamba. Picha hiyo haikumtoka tena. Alijaribu kusomea uchungaji, haikumwelea. Akageukia sheria, nayo akaiacha. Mwishowe akaamua kuwa mkulima.

Mwaka 1769 alimwoa Anna Schulthess, binti wa wafanyabiashara wenye mali, aliyemzidi umri kwa miaka minane. Wazazi wa Anna hawakutaka hata kusikia. Mamake alimwonya bintiye kuwa kwa huyu bwana atashibia mkate na maji. Mama yule aliona mbali, kwa maana mali yote ya Anna ilikwenda na maji. Pestalozzi alinunua shamba karibu na kijiji cha Birr, akaliita Neuhof, yaani Boma Jipya, akapanda mmea wa kutolea rangi nyekundu ya kutilia nguo. Ardhi ilikuwa mbovu, madeni yakapanda, waliomkopesha wakaanza kuzitaka pesa zao.

Hapa mtu mwingine angeuza shamba akatafute kazi. Yeye mwaka 1774, akiwa amefilisika nusu, alianza kuwaokota watoto ombaomba. Wengine walikuwa mayatima, wengine wamekodishwa na vijiji vyao kwa wakulima waliowatumikisha kama punda. Kwetu mijini tumezoea kuwaita watoto wa aina hiyo chokoraa, na tunapishana nao huku tumekaza mifuko. Pestalozzi aliwaleta nyumbani kwake, mezani pa mke wake. Mpango ulikuwa hivi: watoto wasokote na kufuma pamba, wakati huohuo midomo yao ikisoma na kuhesabu, na nguo watakazofuma ziuzwe ili kuwalisha. Walifika zaidi ya thelathini.

Haukufaulu. Kitambaa kilichofumwa na mtoto wa miaka minane hakiwezi kushindana sokoni. Tena wazazi walikuwa wakija, mtoto akishanenepa na kupewa nguo mpya wanamtorosha usiku na nguo zake. Mwaka 1780 mambo yaliisha kabisa. Majirani waliambiana kuwa bwana huyu hawezi hata kujisaidia mwenyewe, sembuse wengine. Ni mtumishi mmoja aliyeitwa Lisbeth aliyekuja kuinusuru nyumba ile na njaa, akapanda mboga, akasafisha, akaweka kila kitu mahali pake. Pestalozzi alipoandika riwaya yake ya Leonard na Gertrude mwaka 1781, yule mama hodari Gertrude, anayekiinua kijiji kizima kwa kuwalea vizuri wanawe, alichotwa kwa sehemu kubwa kutoka kwa Lisbeth. Riwaya ilimpa sifa Ulaya nzima. Mwaka 1792 Bunge la Ufaransa lilimpa uraia wa heshima. Sifa hizo, lakini, hazikujaza chungu.

Kuna jambo ambalo vitabu vya chuo hulipitia kwa ncha za vidole. Pestalozzi alikuwa na mtoto mmoja tu, Hans Jakob, aliyezaliwa mwaka 1770 na kupewa jina la mwanafalsafa Jean-Jacques Rousseau. Baba alimlea kwa kufuata kitabu cha Rousseau, eti maumbile ndiyo yamfundishe. Alipofika umri wa miaka kumi na mmoja mtoto yule alikuwa bado hajui kusoma wala kuandika sawasawa. Baadaye alishikwa na kifafa, akafa mwaka 1801, akiwa na miaka 31. Sisemi haya ili nimtie doa marehemu. Nayasema kwa sababu nadhani mtu hawezi kuelewa ubishi wa Pestalozzi wa baadaye, wa kutafuta hatua kwa hatua namna mtoto anavyojifunza, bila kumkumbuka huyu kijana. Vilevile, katika siku za Neuhof aliamini kwamba mtoto wa maskini afundishwe kuishi ndani ya umaskini wake, si kutoka. Wengi wetu hapa, ambao wazazi wetu wameuza ng'ombe kulipa karo, hatuwezi kulikubali hilo hata kidogo.

Sasa tufike Stans, maana ndiko nilikokuwa nikielekea tangu mwanzo.

Mwaka 1798 majeshi ya Ufaransa yaliingia Uswisi, na serikali mpya ikaundwa chini ya ulinzi wao, Jamhuri ya Helvetia. Ilifuta haki za zile koo za kale na kutangaza kuwa raia wote ni sawa. Pestalozzi aliifurahia, akawa mhariri wa gazeti lake. Lakini watu wa Nidwalden, wilaya ya milimani yenye Wakatoliki watupu, walikataa kula kiapo cha utii. Tarehe 9 Septemba 1798 askari wa Ufaransa waliwashambulia. Watu wapatao 400 wa Nidwalden waliuawa siku hiyo, wanawake na watoto wakiwamo, na mamia ya nyumba yakateketezwa. Stans, mji mkuu wa wilaya, ulijaa watoto wasio na baba, wasio na paa, wanaotangatanga barabarani wakiomba.

Serikali ikaamua kufungua nyumba ya mayatima, na ikamtuma Pestalozzi. Hebu fikiri ilivyokuwa. Aliyekuchomea nyumba Septemba, Desemba anakuletea mlezi! Tena mlezi mwenyewe ni Mprotestanti katika mji wa Wakatoliki, tena ameandika magazetini kuisifu serikali hiyohiyo. Alikuwa na umri wa miaka karibu 53, na marafiki zake walimwona ameingiwa na kichaa. Yeye alitaka kwenda hata kama ingekuwa juu ya kilele cha mlima, bila moto wala maji, mradi tu aanze.

Alipewa jengo la upande mmoja wa nyumba ya masista. Halikuwa tayari. Milango ilikatwa huku vumbi la chokaa likiwaangukia watu, jiko halikuwapo, vitanda havikutosha, na ni katikati ya baridi kali ya milimani. Tarehe 14 Januari 1799 alipokea watoto wa kwanza. Baadaye walifika 80. Wasaidizi aliokuwa nao? Mama mmoja tu wa kazi za nyumbani. Hakuna mwalimu wa pili, hakuna vitabu, hakuna mbao za kuandikia za kutosha. Wale tunaolalamika kuwa darasa letu lina watu hamsini, tusikie hapo.

Katika barua ndefu aliyomwandikia rafiki yake baadaye, ameeleza hali ya watoto hao bila kuficha. Wengi walikuja na upele uliokomaa hata hawawezi kutembea vizuri, vichwa vimejaa vidonda, matambara yao yamejaa chawa. Wengine walikuwa mifupa mitupu, rangi ya manjano, macho ya woga. Wengine walikuwa wamekomaa katika kuomba na kudanganya, hawaogopi mtu. Wachache waliotoka katika familia zilizokuwa na uwezo kabla ya vita waliwadharau wenzao. Katika kila kumi, alikuwa shida kupatikana mmoja anayejua alfabeti.

Pestalozzi aliwaosha kwa mikono yake. Alikula walichokula, akalala katikati yao, akawa wa mwisho kulala na wa kwanza kuamka. Walipougua alikuwa kando yao, walipokuwa wazima alikuwa kati yao. Usiku wakiwa vitandani aliendelea kuzungumza nao na kuwafundisha mpaka usingizi uwachukue, kwa kuwa wao wenyewe walitaka hivyo. Hakuwahubiria. Aliona kuwa mtoto mwenye njaa akihubiriwa wema anasikia sauti tu. Kwanza ashibe, apendwe, azoee kupendwa, ajifunze kumpa mwenzake kitu kidogo, ndipo maneno yaje kulipa jina jambo ambalo tayari analijua.

Masomo nayo aliyaendesha kwa namna ambayo ililetwa na dhiki. Kwa kuwa alikuwa peke yake mbele ya watoto 80, aliwafanya watamke silabi kwa pamoja, kwa sauti, mikono ikiendelea na kazi. Kisha akagundua kuwa mtoto aliyeelewa anaweza kumfundisha asiyeelewa. Aliwakalisha mkubwa kati ya wadogo wawili, akiwakumbatia huku na huku, akiwaonyesha anachokijua. Walifurahi mno kufundishana, na yule anayefundisha alikuwa akijifunza mara ya pili. Ninyi mnaokaa usiku katika maandalio mkielezana hesabu, mjue kuna mzee aliyelishangaa jambo hilo mwaka 1799 na kuliona ni hazina.

Watu wa Stans hawakumwamini. Walisema ni maskini wa Mungu aliyekosa kazi kwingine ndio maana amekuja kulea watoto wa watu kwa mshahara. Siku za Jumapili akina mama walifika, wakakaa na watoto wao pembeni wakiwanong'oneza na kuwaliza, na Jumatatu mtoto hayupo. Wengine, na hapa nilicheka ingawa si la kuchekesha, walidai walipwe kwa kumwacha mtoto pale, kwa kuwa sasa hawapati tena zile senti alizokuwa akileta kutoka kuomba! Yule mwenye upele alioshwa, akavikwa nguo mpya, kesho yake akatoroka nazo. Ilikuwa ni Neuhof tena. Tofauti ni kwamba safari hii Pestalozzi hakushangaa. Aliwaelewa. Aliandika kwamba watu wale walikuwa wameumizwa, na aliyeumizwa haamini upesi.

Je, aliwapiga? Ndiyo, aliwapiga makofi baadhi yao, naye amekiri mwenyewe katika barua ile, akijitetea kuwa mtoto anayejua kuwa anapendwa mchana na usiku hafungi kinyongo kwa kofi. Mimi utetezi huo haunitoshi. Ila namshukuru kwa kuandika ukweli pale ambapo angeweza kunyamaza tusijue.

Tarehe 5 Aprili 1799 moto uliuteketeza mji wa Altdorf, ng'ambo ya ziwa kutoka kwao. Habari zilipofika, Pestalozzi aliwakusanya watoto wake. Aliwaeleza kuwa Altdorf umeungua, kwamba huenda kwa saa ile kulikuwa na watoto mia wasio na nyumba, chakula wala nguo. Akawauliza kama waiombe serikali iwaruhusu kupokea ishirini kati yao. Wote wakaitikia kuwa ndiyo. Hakuridhika na ndiyo ya haraka. Akawaambia wafikiri vizuri. Pesa ni chache na serikali huenda isiongeze, itabidi wafanye kazi zaidi, wale kidogo zaidi, hata wagawane nguo zao na hao wageni. Wasiseme ndiyo kama hawako tayari kwa hayo. Akayarudia maneno hayo kwa ukali kadiri alivyoweza, kisha akawaachia nafasi. Wakashika palepale. Waje, hata kama chakula kitapungua.

Wanachama wenzangu, hao ndio wale waliokuja miezi mitatu nyuma wakinyang'anyana mkate. Nchi yetu imepokea wakimbizi Dadaab tangu 1991 na Kakuma tangu 1992, na mabishano ya watu wazima juu ya nani agawane nini na nani tunayasikia hadi leo. Swali lile waliulizwa watoto, wakaulizwa mara mbili, na bei yake wakatajiwa kabla ya kujibu.

Nyumba ya Stans haikufika hata miezi mitano. Vita viliirudia milima ile, na jeshi la Ufaransa likataka jengo liwe hospitali ya majeruhi. Tarehe 8 Juni 1799 Pestalozzi alifunga. Watoto wapatao 60 aliwaaga, akampa kila mmoja nguo za kubadilisha na pesa kidogo, wakaenda zao. Waliobaki, ishirini na kitu, waliachwa kwa mlezi mwingine. Yeye mwenyewe alikuwa akitema damu kwa uchovu. Marafiki walimpeleka mahali pa mapumziko milimani, na kule chini mabondeni wabaya wake wakasema, si tuliwaambia? Kazi hii nayo imemshinda.

Hakupumzika hata majira mawili. Mwaka huohuo alikwenda mji wa Burgdorf akaomba ruhusa ya kufundisha popote pale. Mtu mwenye vitabu Ulaya nzima alipewa darasa la watoto wa wakazi wasio na haki za uraia wa mji, nyumbani kwa fundi viatu aliyekuwa pia ndiye mwalimu. Fundi alikasirika kwamba mgeni huyu hatumii vitabu vya dini vya kukariri. Wazazi nao wakauliza kwa nini majaribio yafanyiwe watoto wao na si watoto wa matajiri. Swali zuri, tusiwacheke. Akafukuzwa, akahamia darasa la watoto wa miaka mitano hadi minane, na huko wakaguzi walipokuja mwaka 1800 walistaajabu.

Wakati huo vita vilikuwa vimeinyonya kabisa Uswisi ya mashariki, njaa imeshika. Miji iliyopata nafuu ilikubali kuwapokea watoto wa huko. Januari 1800 kijana aliyeitwa Hermann Krüsi, ambaye alikuwa mchukuzi wa mizigo kabla ya kufanywa mwalimu wa kijiji akiwa na miaka 18, aliondoka Gais, wilaya ya Appenzell, akiwaongoza zaidi ya watoto ishirini hadi Burgdorf. Krüsi alijiunga na Pestalozzi, akawa mwalimu msaidizi wake wa kwanza, na hao watoto wa wakimbizi wakawa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza wa shule iliyokuja kuvuta macho ya Ulaya.

Mwingine aliyeletwa kutoka Appenzell mwaka huo kwa sababu hiyohiyo ni Johannes Ramsauer, mvulana wa miaka kumi. Alipokuwa mtu mzima aliandika kumbukumbu zake, na hapo ndipo tunapomwona mzee darasani. Kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tano mfululizo alifundisha akipiga kelele, na kufikia saa nne sauti imemkauka. Hakutazama kama watoto wanamfuata. Wao walichora walichotaka kwenye mbao zao. Karatasi ya ukutani ilikuwa imezeeka na kutoboka, basi akawasimamisha mbele yake saa nzima waeleze matundu hayo: ninaona tundu, ninaona tundu refu, nyuma yake ninaona ukuta, na kadhalika, sentensi ikiongezeka neno kila mara. Kwa maoni yangu mengine yalikuwa ya kuchosha kweli. Lakini wazo lililokuwa nyuma yake lilikuwa jipya. Mtoto akitazame kitu kwanza, akipime kwa macho, akitaje kwa maneno yake, ndipo herufi zifuate. Shule za wakati ule zilianza na katekisimu, mtoto anakariri asichokijua, na asiyekariri anachapwa. Ramsauer mwenyewe aliishia kuwa mwalimu.

Mwaka 1801 kilitoka kitabu chake cha namna Gertrude anavyowafundisha wanawe. Mwaka 1802 alikwenda Paris katika ujumbe wa Uswisi, akataka kumweleza Napoleon habari za shule. Napoleon alijibu kuwa hana nafasi ya kuhangaika na alfabeti. Mwaka 1805 Pestalozzi alihamia katika ngome ya Yverdon, akakaa miaka ishirini. Hayo ndiyo yaliyojaa katika vitabu vyenu vya chuo, kwa hiyo sitakawia. Wanafunzi walifika 150 hivi kutoka kila upande wa Ulaya, wageni mashuhuri walimiminika, Fröbel mwanzilishi wa shule za chekechea alikaa huko kuanzia 1808 hadi 1810. Mmoja wa walimu waliopitia kwake, Näf, alifungua mjini humo shule ya watoto viziwi.

Kisa kimoja lakini sikiachi. Mwaka 1814 majeshi ya Austria yalitaka kuigeuza ngome ya Yverdon kuwa hospitali ya wagonjwa wa homa mbaya ya chawa. Stans ilikuwa imerudi! Safari hii mzee wa miaka 68 alifunga safari hadi Basel, akaingia kwa Mfalme Alexander wa Kwanza wa Urusi. Wanasema aliongea kwa moto hadi mfalme akawa anarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka ukutani, na mzee bado anamfuata, mkono umeinuka kumshika kifungo cha koti kama tunavyoshikana sisi tukibishana. Alikumbuka alipo katikati ya jambo, akaona haya. Shule iliponyoka.

Hata hivyo haikumpa raha. Karo za wazazi wenye uwezo ndizo zilizoiendesha Yverdon, na yeye alijua kuwa watoto aliowatafuta tangu ujana hawakuwa hao. Anna, aliyekula mkate na maji kama mamake alivyotabiri, alifariki mwaka 1815. Walimu wake wakuu wawili, Niederer na Schmid, waligombana kwa miaka mingi kama fahali wawili zizini. Mwaka 1818, akiwa na miaka 72, alifungua tena shule ya maskini katika kitongoji cha Clindy, kwa tumaini la pesa za kuuza vitabu vyake. Haikudumu, ikaunganishwa na ile kubwa. Mwaka 1825 Yverdon yenyewe ikafungwa. Alirudi Neuhof, alikoanzia, na hata huko alijishughulisha na jengo la kuwekea watoto maskini. Kitabu cha kumkashifu kilimfikia mwanzoni mwa 1827, kikamchoma sana. Alifariki tarehe 17 Februari mwaka huo mjini Brugg, akazikwa Birr karibu na ukuta wa shule ya kijiji.

Mwaka 1846, alipotimiza miaka mia tangu kuzaliwa, serikali ya jimbo la Aargau ilimjengea ukumbusho palepale. Umeorodhesha kazi zake, kila moja kwa mahali pake. Katika orodha hiyo miezi mitano ya Stans imepewa nafasi sawa na miaka ishirini ya Yverdon.

Na mwaka 1946, baada ya Vita Vikuu vya Pili, Waswisi walijenga kijiji cha watoto huko Trogen, katika Appenzell ileile alikotoka Ramsauer na njaa yake, wakakipa jina la Pestalozzi. Waliletwa mayatima wa vita kutoka nchi mbalimbali, zikiwamo zilizokuwa zikipigana mwaka mmoja nyuma. Kila taifa lilipewa nyumba yake, mlezi wake na lugha yake, na uwanja wa kuchezea ukawa wa wote. Kuanzia 1960 wakaongezeka watoto wakimbizi wa Tibet.